Mtambo wa umeme jirani yako: nani amepima hewa unayovuta?

Leo naanza na swali ambalo niliulizwa kazini nikashindwa kulijibu.

Bibi mmoja aliniletea mjukuu wake wa miaka saba, kifua kimebana, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Ilikuwa mara ya tatu ndani ya miezi miwili. Tukamweka mtoto kwenye oksijeni, tukampa dawa ya kufungua njia za hewa, na baada ya saa moja hivi akaanza kuomba chai. Ndipo bibi aliponivuta pembeni.

"Dokta mwanangu," akasema, "tangu wauwashe ule mtambo wa umeme nyuma ya nyumba zetu, huyu mtoto halali. Ni ule moshi?"

Nikamjibu kama tunavyojibu madaktari wengi: "Inawezekana, bibi."

Akanitazama. "Inawezekana si jibu, mwanangu. Hata jirani yangu ananiambia inawezekana, na yeye hajasoma."

Alikuwa na haki. Lakini tazama pia upande wa pili. Ile oksijeni aliyokuwa anavuta mtoto ilitoka kwenye mashine inayotumia umeme. Friji ya chanjo iliyokuwa chumba cha pili inatumia umeme, na vilevile taa ya chumba cha kujifungulia. Huenda umeme huo ulitoka kwenye mtambo uleule aliokuwa akiulalamikia. Mtambo unaweza kumwokoa mtoto saa nne asubuhi na kumbana kifua saa nne usiku. Katika hali kama hiyo, kusema mtambo ni mzuri au ni mbaya hakutusaidii. Kinachotusaidia ni kupima.

Zamani kila homa ilikuwa malaria

Nilipoanza kazi miaka ya 2000, mtoto akija na homa tulimwandikia dawa ya malaria akaenda nyumbani. Wengi walipona, na sisi tukajiona mabingwa. Wengine walikuwa na nimonia au homa ya matumbo, wakachelewa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilielekeza kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Leo mama mwenyewe anamuuliza mhudumu: "Mbona hujampima?"

Kuhusu hewa bado tuko kule tulikokuwa na homa. Wanaoishi karibu na mtambo wanasema moshi unawaua. Wenye mtambo wanasema moshi hauna madhara. Pande zote mbili zinazungumza bila kipimo, na mgonjwa yupo katikati.

Kinachotoka kwenye bomba la moshi

Mitambo ya umeme wa joto ni ile inayochoma kitu ili kupata umeme: makaa ya mawe, mafuta mazito, dizeli au gesi asilia. Haifanani kwa madhara, na hili ni jambo la kwanza la kuuliza: mtambo wenu unachoma nini?

Mitambo ya Ubungo na Kinyerezi jijini Dar es Salaam imejengwa kutumia gesi asilia inayotoka kusini, Songo Songo na Mnazi Bay. Gesi hutoa masizi kidogo sana na salfa kidogo sana. Tatizo lake kubwa kwa mapafu ni oksidi za nitrojeni, ambazo huwasha njia za hewa na, zikipigwa na jua, husaidia kutengeneza ozoni karibu na ardhi. Dizeli na mafuta mazito hutoa oksidi hizo pamoja na masizi na dioksidi ya salfa. Mwaka 2012 wakala wa WHO wa utafiti wa saratani, IARC, uliuweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Wakati wa ukame wa mwaka 2006 na ule wa 2011, mabwawa yetu yalipopungua maji, tulikodi mitambo ya dharura, na baadhi yake ilichoma mafuta. Makaa ya mawe ndiyo yenye mzigo mkubwa zaidi: masizi, salfa, nitrojeni, zebaki, aseniki, na milima ya majivu inayobaki.

Kati ya vyote hivyo, sisi madaktari tunaogopa zaidi chembechembe ndogo zinazoitwa PM2.5, yaani zenye upana usiozidi mikroni 2.5. Unywele mmoja wa kichwani ni mnene mara ishirini hadi thelathini kuliko chembe hiyo. Vumbi kubwa hunaswa puani na kooni, ukapiga chafya au ukakohoa likatoka. Chembe hizi hupita hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na zilizo ndogo zaidi huingia kwenye damu. Ndiyo maana madhara yake si kikohozi na pumu tu. Ni pia shinikizo la damu, mshtuko wa moyo, kiharusi, saratani ya mapafu, na watoto kuzaliwa na uzito mdogo.

Kuna pia hewa ya ukaa inayopasha dunia joto. Uniti moja ya umeme wa makaa ya mawe huja na takribani kilo moja ya hewa hiyo; uniti moja ya mtambo mzuri wa gesi huja na chini ya nusu yake. Hewa ya ukaa haitambana kifua mjukuu wa bibi usiku huu, lakini imo katika hesabu ya ukame na mafuriko atakayoishi nayo.

Sehemu tano za kupima

Ukisikia mtu anasema "tumepima athari za mtambo", muulize amepima wapi. Kuna sehemu tano, na moja haizibi pengo la nyingine.

Ya kwanza ni kabla ya kujenga. Huwezi kujua mtambo umeongeza nini kama hukujua hewa, maji na afya ya watu vilikuwaje kabla. Kipimo hiki hakitoshi kikifanywa wiki moja. Kwetu pwani upepo wa kaskazi hupisha upepo wa kusi, na mtaa uliokuwa salama Januari unaweza kuwa ndio unaopelekewa moshi Julai. Aliyepima wakati wa kaskazi peke yake amepima nusu ya mwaka.

Ya pili ni kwenye bomba lenyewe. Zipo mashine zinazofungwa ndani ya bomba la moshi zikasoma gesi na masizi saa zote, siku zote. Pale zisipokuwepo, hesabu ya mafuta inasaidia. Chukua tani moja ya mafuta mazito yenye salfa asilimia tatu. Ina kilo 30 za salfa. Salfa ikiungua hujiunga na oksijeni na uzito wake huongezeka mara mbili, hivyo zitatoka takribani kilo 60 za dioksidi ya salfa, isipokuwa kama kuna mtambo wa kuisafisha. Hesabu hii haihitaji maabara. Inahitaji mwenye mtambo aseme anachoma tani ngapi na mafuta yake yana salfa kiasi gani.

Ya tatu ni hewa ya mtaani, pale watu wanapolala. Wataalamu hutumia hesabu za kompyuta kutabiri moshi utaangukia wapi, wakizingatia urefu wa bomba, joto la moshi, kasi ya upepo na milima iliyopo. Utabiri huo ni wa lazima, ila ni utabiri. Baada ya mtambo kuwashwa ziwekwe mashine za kupima upande ambao upepo unakwenda na upande ambao upepo unatoka, ili tofauti ionekane. Bomba refu pia lisikudanganye. Bomba refu halipunguzi moshi. Linaupeleka mbali zaidi, kwa watu ambao huenda hawajui hata kama mtambo upo.

Ya nne ni maji, majivu na kelele. Mitambo mingi hupozwa kwa maji, na maji hayo hurudishwa mtoni au baharini yakiwa na joto. Mwongozo wa Benki ya Dunia unataka yasiongeze joto la maji kwa zaidi ya nyuzi 3 pale yanapomaliza kuchanganyika. Kwa kelele, mwongozo huo unaweka kikomo cha desibeli 55 mchana na 45 usiku kwenye makazi. Asiyelala kwa sababu ya mngurumo naye ni mgonjwa wangu. Shinikizo lake la damu litanionyesha. Na majivu ya makaa ya mawe yasipohifadhiwa vizuri ni hatari ya pekee. Desemba 22, 2008, ukuta wa bwawa la majivu la mtambo wa Kingston, jimbo la Tennessee nchini Marekani, ulivunjika usiku na kumwaga takribani mita za ujazo milioni nne za tope la majivu kwenye mto na mashamba. Kulisafisha kuligharimu zaidi ya dola bilioni moja.

Ya tano, ambayo husahaulika kuliko zote, ni miili ya watu. Kila zahanati ina vitabu vya MTUHA. Humo ndani yamo magonjwa ya mfumo wa hewa, mwezi kwa mwezi, mwaka kwa mwaka. Ukilinganisha miaka mitatu kabla ya mtambo na mitatu baada yake, kisha ukalinganisha na kijiji kinachofanana nacho ambacho upepo haukipelekei moshi, utaanza kuona kitu. Na hapo sisi wahudumu wa afya tuna lawama yetu. Mara ngapi tumeandika "kikohozi" bila kuandika mgonjwa anatoka mtaa gani?

Mtego wa wastani

Sasa nikuonyeshe namna tarakimu ya kweli inavyoweza kuficha ukweli.

WHO, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, inataka PM2.5 isizidi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa kwa wastani wa mwaka, na isizidi 15 kwa wastani wa saa 24. Tuseme mtambo wa dharura unawashwa saa mbili usiku hadi saa nne usiku, na kwa saa hizo mbili hewa ya mtaa inafika 300. Saa 22 zilizobaki ni 10 tu. Ukipiga hesabu, wastani wa siku ni takribani 34. Mwenye mtambo akiwasha siku nne kwa mwezi, wastani wa mwaka utashuka hadi karibu na 13. Tayari hiyo ni zaidi ya mara mbili ya mwongozo wa mwaka, lakini kwenye karatasi haimshtui mtu.

Mtoto mwenye pumu hakuvuta wastani. Alivuta 300, usiku, dirisha likiwa wazi kwa sababu ya joto. Kwa hiyo ukipewa wastani, omba na kilele: kiwango cha juu kabisa kilikuwa kipi, saa ngapi, na upepo ulikuwa unaelekea wapi.

Mtego mwingine ni huu: "Mtambo wetu utaongeza mikrogramu mbili tu." Huenda ni kweli. Lakini mbili juu ya nini? Kama mtaa tayari una magari, viwanda na uchomaji wa taka, mapafu hayatenganishi mikrogramu za huyu na za yule. Mapafu hujumlisha.

Wenzetu walipopima walipata nini

Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha matokeo ya kufuatilia watu wazima zaidi ya 8,000 katika miji sita ya Marekani kwa miaka 14 hadi 16. Baada ya kuondoa athari za sigara na mambo mengine, vifo katika mji wenye hewa chafu zaidi, Steubenville, Ohio, vilikuwa juu kwa asilimia 26 kuliko katika mji wenye hewa safi zaidi, Portage, Wisconsin. Steubenville uko katika bonde la mto lenye viwanda vya chuma na mitambo ya makaa ya mawe.

Miaka 30 baadaye, Novemba 2023, jarida la Science lilichapisha utafiti uliofuatilia moshi wa mitambo 480 ya makaa ya mawe ya Marekani, bomba kwa bomba, hadi kwa wazee walioupokea. Watafiti walikadiria vifo 460,000 kati ya mwaka 1999 na 2020. Waliona pia kwamba chembechembe zitokanazo na makaa ya mawe zilihusishwa na hatari ya kifo takribani mara mbili ya ile ya chembechembe za kawaida za hewa. Lakini sehemu iliyonipa moyo ni nyingine. Vifo hivyo vilikuwa zaidi ya 40,000 kwa mwaka mwanzoni. Kufikia mwaka 2020 vilikuwa takribani 1,600. Mitambo mingine ilifungwa, mingine ilifungiwa vifaa vya kusafisha moshi. Walipima, wakachukua hatua, wakapima tena, wakaona watu hawafi kama zamani.

Mfano wa tatu ni wa watoto. Katika mji wa Tongliang, China, mtambo wa makaa ya mawe ulifungwa mwezi Mei 2004. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia na wenzao wa China walikuwa wameshachukua damu ya kitovu ya watoto waliozaliwa mwaka 2002, mtambo ukiwa unafanya kazi. Wakachukua tena kwa waliozaliwa 2005. Alama za kemikali za masizi kwenye vinasaba zilikuwa zimepungua, na uhusiano kati ya alama hizo na kuchelewa kwa makuzi, ulioonekana kwa watoto wa kwanza, haukuonekana kwa wa pili. Kumbuka, walipata jibu hilo kwa sababu walikuwa na kipimo cha kabla.

Na hapa kwetu? Majirani zetu wa Kenya wametupa somo. Mwaka 2016 mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo, NEMA, ilitoa leseni ya kujenga mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 Lamu, kaunti yenye mji mkongwe ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, ambako watu wengi wanaishi kwa uvuvi. Wananchi wakakata rufaa. Juni 26, 2019, baraza la kitaifa linalosikiliza rufaa za mazingira likaifuta leseni hiyo. Kasoro kubwa iliyotajwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo baada ya ripoti ya tathmini kuandikwa, na sheria ya mabadiliko ya tabianchi haikuzingatiwa.

Somo ninalolichukua kama daktari ni hili: ripoti ya tathmini ni kama majibu ya maabara. Ni ya mgonjwa. Ukiyafungia kabatini hujampima.

Tusilisahau jiko letu

Haki inanitaka niseme na lingine, hata kama halipendezi. WHO inakadiria kwamba moshi wa majumbani, hasa wa kupikia, ulichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Kwa nyumba zetu nyingi, jiko la mkaa au kuni lililomo chumbani linampa mtoto masizi mengi kuliko bomba lililo kilomita tano. Na njia mojawapo ya kuliondoa jiko hilo ni umeme wa bei nafuu.

Ndiyo maana siwezi kuandika safu hii nikakuambia ukatae kila mtambo. Mama anayepikia umeme, hata wa gesi asilia, ameyapumzisha mapafu yake na ya mwanawe. Lakini faida ya nyumba elfu moja zilizo mbali isilipwe na mapafu ya nyumba hamsini zilizo karibu bila wao kuulizwa wala kupimwa.

Wewe ufanye nini

Ikiwa unaishi karibu na mtambo, au umesikia unakuja, anza na haya.

Moja: omba kuona ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, ndilo linalosimamia tathmini hizo. Pitia serikali ya mtaa au kijiji, nendeni kama kundi, na mpeleke ombi kwa maandishi.

Mbili: mkiwa kwenye mkutano wa hadhara, msiulize "je, kuna madhara?" Mtajibiwa "hakuna." Ulizeni: mtachoma nini? Kina salfa kiasi gani? Mashine ya kupima hewa itakaa wapi, na nani atabandika matokeo kwenye ubao wa kijiji kila mwezi? Hewa ikizidi kiwango mtazima mtambo au mtaendelea?

Tatu: andika daftari. Kama una mtoto mwenye pumu, andika kila siku alikohoa usiku au hakukohoa, alitumia dawa ya kuvuta mara ngapi, upepo ulitoka wapi, moshi ulikuwa wa rangi gani, na siku hiyo mlipikia nini. Daftari si ushahidi kamili, lakini daktari akiliona ataona mengi.

Nne: siku hizi kuna vipima hewa vidogo vya bei nafuu, na vikundi vya vijana vinavitumia. Ni vizuri kuonyesha lini hewa inaharibika. Ila unyevunyevu mwingi, kama wa pwani, huvifanya visome juu kuliko ukweli. Viwekwe kwanza karibu na mashine ya uhakika vilinganishwe.

Tano: mwambie mhudumu wa afya unaishi wapi na nini kiko jirani. Asipokuuliza, mwambie.

Kuhusu mwili wako, kuna mambo matatu. Maziwa hayasafishi mapafu, yanakwenda tumboni. Kunywa kwa lishe, usinywe kama dawa ya moshi. Barakoa ya kitambaa haizuii vya kutosha chembe za PM2.5, wala haizuii gesi. Na mwenye pumu asiache dawa yake ya kila siku ya kuzuia eti kwa sababu leo anajisikia vizuri. Mtoto atumie dawa ya kuvuta kupitia chemba. Isipopatikana, mhudumu anaweza kukuonyesha jinsi ya kuitengeneza kwa chupa ya plastiki ya nusu lita. Ukiona hawezi kumaliza sentensi bila kupumzika, mbavu zinaingia ndani, au midomo imegeuka rangi, usisubiri kukuche. Mpeleke hospitali.

Nilichomjibu bibi

Narudi kwa yule bibi. Baada ya swali lake nilimwomba mwenzangu wa afya ya jamii aulizie vipimo vya hewa vya eneo lile. Alirudi na nakala ya ripoti nene ya kabla ya ujenzi, yenye ramani za rangi za mahali moshi ulitabiriwa kuangukia. Aliuliza vipimo vya baada ya kuwasha. Hakupewa hata ukurasa mmoja.

Tukaenda nyumbani kwa bibi. Mtambo ulisikika, na harufu ya dizeli ilikuwepo. Lakini tulikuta pia jiko la mkaa ndani, hatua tatu kutoka kitanda cha mtoto, kwa sababu nje usiku kuna wezi. Sikuwa nimemuuliza kuhusu jiko siku ile. Nilimlaumu mwenye mtambo kwa kutopima, na mimi mwenyewe sikuwa nimepima.

Jiko likahamia kibarazani. Mtoto akaanza dawa ya kuzuia kila siku. Wiki chache baadaye mvua zikanyesha na mtambo ukazimwa. Mtoto akaanza kulala.

Nilipomwona tena nilimwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia, na swali lake likafuata palepale: "Sasa niambie. Ilikuwa nini?"

Nikamwambia ukweli. Vitu vitatu vilibadilika karibu wakati mmoja, na kwa kuwa hakuna aliyeipima hewa yenu mtambo ukiwa umewashwa, sitaweza kukuambia kila kimoja kilichangia kiasi gani. Nisingemwacha mtoto aumwe ili nipate jibu safi. Lakini mtambo utawashwa tena ukame ukirudi, na safari hiyo daftari lenu litakuwa na kurasa za siku ambazo hauwaki.

Bibi hajui kuandika. Mjukuu ndiye anayeandika. Mara ya mwisho alinionyesha daftari la shule lenye mistari aliyoichora kwa rula: tarehe, kikohozi, upepo, mtambo. Chini ya safu ya mtambo ameandika "umezimwa" siku arobaini na moja mfululizo. Kule mtaani kwao, hicho ndicho kipimo pekee cha kabla kilichopo, na kimewekwa na mgonjwa mwenyewe, ana miaka saba.

Na mtaani kwenu, msomaji wangu, kipo? Tukutane wiki ijayo.